Sura ya Nane: Karai Lililopinduliwa Asembo

Wakili Hadiya Nasir alisoma shule ya bweni, na shule ya bweni, pamoja na hasara zake zote, humpa mwanafunzi elimu mbili zisizo na mtihani: kumaliza uji wa moto kabla kengele haijalia, na kumtambua kwa harufu tu yule anayempelekea matron habari. Elimu ya kwanza ilimwachia vidonda vya tumbo. Ya pili ndiyo aliyoihitaji asubuhi hiyo ya Jumatano, aliposimama mbele ya meza ya Absalom Oluoch, mkono kiunoni, mithili ya mwalimu wa zamu aliyekuta kitanda hakijatandikwa.

"Mzee Oluoch, nataka kukuuliza jambo kwa heshima."

"Ukianza na heshima, Madam, najua haipo. Uliza."

Oluoch alikuwa mkalimani wa Dawati la Malalamiko ya Umma, Kanda ya Ziwa, ofisi ya ghorofa ya tatu mjini Kisumu ambako lifti ilikuwa imekufa na kuzikwa bila matanga. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko yaliyoletwa kwa Dholuo, kuyatia katika Kiswahili, na kunung'unika. Zote tatu alizifanya kwa ustadi.

"Nani anajua mahali anapoishi Nyasembo?"

"Wewe na mimi."

"Basi tuko wawili. Na mimi sijasema."

Oluoch aliweka kikombe chake mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Mwezi uliopita Inspekta Cliff Odanga, mkuu wa askari wa soko moja la mjini, aliongoza msako wa kuwafukuza akina mama wanaokaanga samaki kando ya barabara. Katika msako huo alipiga teke karai la mafuta yaliyokuwa yakichemka, na mafuta yakammwagikia mama aliyeitwa Mercyline, ambaye mpaka leo alikuwa akilala kifudifudi hospitalini. Taarifa ya Odanga ilisema mama huyo alijikwaa mwenyewe. Walioona walikuwa wengi. Aliyekubali kusema alichokiona alikuwa mmoja.

Huyo mmoja alikaa mtaa wa Obunga, hapo hapo Kisumu, na kazi yake ilikuwa kukaanga mgongo wazi, yaani ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki kiwandani nyama ikishakatwa. Obunga nzima hakuna aliyemwita kwa jina lake la kanisani. Walimwita Nyasembo, maana alizaliwa Asembo akaja kuolewa mjini, na upande huu wa ziwa mke huitwa kwa jina la mahali alikotoka. Ijumaa alitakiwa kusimama mbele ya mkurugenzi wa Dawati na kusema. Asiposimama, Mercyline angebaki kuwa mtu aliyejikwaa, na Odanga angebaki na mguu wake wa teke.

Alfajiri hiyo Nyasembo alipiga simu.

"Wakili, shemeji yangu amenipigia kutoka nyumbani Asembo. Jana kuna mama amechomwa mafuta huko ufuoni. Wameambia yeye aondoe malalamiko yake Kisumu. Malalamiko gani? Yule mama hajui hata ofisi yenu iko wapi. Si uliniambia jina langu liko kabatini?"

"Liko kabatini, Mama."

"Basi kabati lenu lina mdomo. Ijumaa siji."

Hadiya alikuwa amembembeleza ampe mpaka jioni, kisha akapanda ngazi zote za ghorofa ya tatu akiwa tayari amepata jibu. Sasa alimtupia Oluoch jibu hilo.

"Wewe ni mtu wa Asembo, Mzee. Kwao unakujua. Mtu akitaka kumtisha Nyasembo bila kumgusa, ataenda kuwatisha ndugu zake. Na anayejua ndugu zake wako wapi ni wewe."

"Kwa hiyo nimefungua kinywa kwa sababu nilizaliwa Asembo."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, Madam. Umesema kwa heshima." Oluoch alichukua kikombe chake tena. "Nenda Asembo. Ukifika, muulize huyo mama aliyechomwa ni ndugu ya Nyasembo kwa upande gani. Mimi niko hapa. Mtuhumiwa hatoroki, ana chai."

Akiwa njiani kushuka ngazi, Hadiya alitamani kumpigia simu Mwalimu. Mwalimu ndiye Wakili Wakhungu, mkurugenzi wa Dawati, mzaliwa wa Nairobi aliyehamishiwa Kisumu na mpaka leo akila samaki kwa uma. Yeye ndiye aliyemtoa Hadiya katika kampuni moja ya mawakili, ambako kazi yake ilikuwa kuwatisha wapangaji kwa niaba ya wenye nyumba, akamwambia aje atetee watu wanaotishwa. Somo lake la kwanza lilikuwa fupi: linda jina la mlalamishi kabla hujalinda lako. Akaliwekea kanuni. Jina na makao ya mlalamishi au shahidi anayeomba kufichwa hujulikana na wakili anayempokea na mkalimani tu. Mkurugenzi mwenyewe hayaoni, ili akikaa kitini kusikiliza asiwe na upande.

Lakini Mwalimu alikuwa Nairobi kwenye usaili wa cheo cha Naibu Kamishna, na alitarajiwa kurudi kwa ndege alasiri. Hadiya hakutaka kumharibia siku. Alirudisha simu mfukoni, akaendesha gari mwenyewe hadi Asembo Bay.

Mama aliyechomwa alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya kibanda chake, mkono wa kulia umefungwa bendeji kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Mbele yake omena, wale dagaa wa ziwani, zilianikwa juu ya nyavu kuukuu, na wenzake wawili walikuwa wakizigeuza huku masikio yao yamesogea karibu kuliko miili yao.

"Wewe ndio wakili?"

"Ndiyo, Mama. Pole sana."

"Wa kunishtaki ama wa kunitetea? Maana jana ndio nimejua nina kesi."

"Wa kukutetea. Mama, Nyasembo anayekaa Kisumu ni ndugu yako?"

"Nyasembo gani? Mimi ni Nyauyoma! Nimetoka Uyoma nikaolewa hapa. Huyo wenu aliondoka hapa msichana, hata sura yake siikumbuki. Shemeji yake tunasalimiana kanisani tu. Sufuria hatujawahi kuazimana."

Hadiya alihisi jibu lake zuri la asubuhi likianza kupata ufa.

"Walikuambia nini hasa? Nipe maneno yao, usinipunguzie."

Nyauyoma alijiweka sawa kwenye kigoda. Ilikuwa wazi kwamba alishaisimulia habari hiyo mara nyingi na kwamba ilikuwa ikinenepa vizuri.

"Walikuja vijana wawili, Wajaluo wenzetu, wasafi, viatu vinang'aa kama wanakuja kuposa. Wakakula samaki. Mmoja akamaliza, akalamba vidole, akasema: wewe ndio mama wa Asembo anakaanga samaki, unaenda kulalamika Kisumu? Nikamwambia, mimi ni mama wa hapa, samaki nakaanga, lakini kulalamika nalalamika hapa hapa, kwa mume wangu."

Wenzake waliangua kicheko. Naye alicheka, mkono ukamkumbusha, akanyamaza.

"Halafu?"

"Yule mwingine akaingiwa na shaka. Akapiga simu. Akasema, mkubwa, wanaokaanga hapa ni wengi, ni gani? Sijui waliambiana nini. Akamrudia mwenzake akasema, mtu wa ndani ya ofisi alisema tu ni mama wa Asembo, wa karai. Basi huyu ndiye ana karai kubwa." Nyauyoma aliligeukia karai lake lililolala kifudifudi mchangani, vile vile walivyolipindua juu ya mkono wake. "Mama mkwe alinipatia hilo siku niliingia boma hili. Nimekuwa nikijivunia ukubwa wake, wuololo!"

"Hawakutaja jina la Nyasembo?"

"Hata. Na wangetaja, tungewacheka mpaka waingie majini. Nani anakuja kutafuta Nyasembo hapa Asembo? Hapa utapata Nyauyoma, Nyalego, Nyagem. Nyasembo wote tulishawaoza, wako kwa watu!"

Wanawake wa omena waliendelea kucheka. Hadiya hakucheka. Alikuwa amezaliwa Kisumu, katika nyumba za nyuma ya msikiti, na Dholuo alikijua tangu hajui kusoma. Jambo hilo la majina ya wake alilijua sana, kama mtu anavyojua njia ya kwao, na ndiyo maana asubuhi alilipita bila kuliangalia.

Alisimama kando ya nyavu, akalipanga jambo lake kwa utaratibu, kama mtu anayepanga omena. Waliomchoma Nyauyoma hawakutumwa kwa ndugu ya Nyasembo. Walitumwa kwa Nyasembo mwenyewe, wakakosea mahali. Oluoch alijua makao yake. Kama Oluoch ndiye angesema, vijana wale wangetumwa Obunga. Basi aliyesema hakuijua Obunga. Alichokuwa nacho ni vitu viwili tu: jina la Nyasembo, na karai. Na jina hilo alilitafsiri kichwani mwake kuwa mama anayekaa Asembo, tafsiri ambayo hakuna mtu aliyekulia kando ya ziwa hili angeifanya hata akiwa na homa.

Ni nani aliyepewa vitu hivyo viwili peke yake?

Hakuhitaji kufikiri. Aliyempa ni yeye mwenyewe.

Ilikuwa Jumatatu, katika ofisi ya Mwalimu, mlango umefungwa. Hadiya alikuwa ametoka kumaliza kumhoji shahidi, na furaha ilikuwa imemlevya. "Nyasembo hababaiki, Mwalimu," alisema. "Mama wa karai yule, ameona kwa macho yake." Mwalimu alilirudia lile jina taratibu, kama anayeonja mchuzi. "Nyasembo. Safi sana." Hadiya alidhani anasifiwa.

Sasa, ufuoni, alijaribu kumtafutia Mwalimu njia ya kutokea. Alitafuta dirisha lililokuwa wazi siku ile, mtu aliyepita ukumbini, mhudumu aliyeleta chai. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya vumbi. Mhudumu hakuwapo. Chai aliimimina Mwalimu mwenyewe, akamtilia na sukari.

Alimpigia simu Nyasembo kutoka garini.

"Mama, hawakujui. Hawajui sura yako wala Obunga."

"Sasa waliambiwa na nani?"

"Na mtu niliyemwambia mimi. Nilitaja jina lako mbele ya mkubwa wangu."

Kwa nyuma kulisikika mafuta yakichemka na mtu akiomba aongezewe chumvi.

"Huyo mkubwa ndiye atakaa kwa kiti Ijumaa anisikilize?"

"Ndiye."

"Basi nisikize vizuri. Akitoka kwa hicho kiti, nakuja, hata nikija na karai langu. Asipotoka, tafuta shahidi mwingine huko Asembo. Nasikia wako wengi."

Oluoch alikuwa bado mezani pake, chai ikiwa nyingine.

"Mzee Oluoch, nimekukosea."

"Kwa heshima?"

"Bila heshima yoyote."

"Haya, hiyo ni ya kweli. Kaa."

Hadiya alimweleza yote. Oluoch alisikiliza huku akitikisa kichwa mahali ambapo mtu mwingine angeshtuka.

"Ulishajua asubuhi," Hadiya alisema.

"Nilijua si mimi. Ukishatoa mimi, na ukitoa wewe, hawabaki wengi wa kuhesabu."

"Na hukusema!"

"Nikuambie Mwalimu wako amekuuza? Ungeniona mtu wa Asembo mara mbili." Aliusogeza mkebe wa sukari upande wa Hadiya. "Lakini mpaka hapa una dhana tu, Madam. Ameambiwa jina, sawa. Hujaonyesha kwamba alilipeleka."

"Kuhusu mama aliyechomwa Asembo umemwambia mtu?"

"Nani? Mimi nilikuwa mtuhumiwa, nilikuwa na shughuli."

"Basi tusimwambie. Nikiingia kwake, njoo na wewe na faili lolote. Kaa tu."

Wakhungu aliingia alasiri akiburuta sanduku dogo la safari, akihema kwa ajili ya ngazi, akitabasamu kama bwana harusi. Alimwita Hadiya kabla hata hajakaa. Oluoch alifuata na faili la mtu aliyelalamikia mbuzi wa jirani, akaketi kwenye benchi la ukutani na kulifungua kwa umakini wa askofu.

"Wakili mdogo! Njoo uone." Wakhungu alitoa kwenye sanduku kola nyeupe ya mawakili, mpya, bado ikiwa kwenye karatasi yake ya plastiki. "Ile yako imekuwa rangi ya omena. Nimeipita dukani nikasema hii ni ya Hadiya."

Hadiya aliipokea. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma.

"Ahsante, Mwalimu. Usaili ulikwendaje?"

"Vizuri mno. Inshallah, kama mnavyosema ninyi. Na hapa? Hakuna jipya?"

"Hakuna. Tunajiandaa kwa Ijumaa. Shahidi yuko tayari, anakuja."

Tabasamu la Wakhungu lilibaki mahali pake, lakini mwenye tabasamu alikuwa amekwisha kuondoka.

"Anakuja? Na huo mkono wake?"

Kwenye benchi, karatasi ya mbuzi iliacha kugeuzwa. Nje, juu ya paa la jengo la mbele, korongo wawili walikuwa wakigombania kitu walichookota jalalani.

"Mkono gani, Mwalimu?"

Wakhungu alikuwa wakili hodari. Alijua sauti ya swali linalofunga mlango, kwa maana yeye ndiye aliyemfundisha Hadiya kuliuliza kwa upole hivyo.

"Nilisikia kuna ajali," alisema.

"Kwa nani? Ulikuwa Nairobi. Hapa ofisini waliojua kuhusu mkono ni mimi na Mzee Oluoch tu. Wengine ni watu wa Asembo, na aliyeuchoma." Hadiya aliweka kola juu ya meza. "Na si mkono wa shahidi wangu. Shahidi wangu ana mikono yake miwili, sasa hivi anakaangia watu. Uliyemtuma Odanga kwake ni mama mwingine kabisa. Kosa lake ni kuwa na karai kubwa."

"Mimi sijamtuma mtu."

"Ulimwambia ni mama wa Asembo."

Wakhungu alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Hakuna alichokiona kilichokuwa kimebadilika.

"Mjomba wake Odanga yuko kwenye jopo la usaili," alisema hatimaye. "Jumatatu jioni aliniuliza kama shahidi ni mtu wa kuzungumzika. Basi. Jina sikumpa, Hadiya. Jina lake la kanisani silijui, kanuni ile ni yangu mwenyewe!"

"Ulimpa kila ulichokuwa nacho."

"Nilidhani wataongea naye tu."

"Waliongea naye. Walikula samaki wake kwanza."

Oluoch alikohoa kidogo. Wakhungu alimtazama kana kwamba benchi lenyewe limekohoa, kisha akaegemea mbele na kushusha sauti, ile sauti aliyokuwa akitumia jioni za zamani akimweleza Hadiya namna ya kusoma sheria kwa kuanzia mwisho.

"Sikiliza, binti yangu. Ukipeleka jambo hili Nairobi, swali la kwanza litakuwa nani alitamka jina la shahidi. Mimi nilitamkiwa. Uliyetamka ni wewe, kwenye chai yangu. Mimi nimebakisha miaka michache nistaafu. Wewe kazi yako ndiyo imeanza. Tutaanguka wote, na wewe ndiye utakayeumia. Nilikutoa kwa wale watu wa kodi za nyumba, nikakufundisha kila kitu unachokijua. Nifanyie hisani moja. Ahirisha Ijumaa."

Hadiya alimtazama. Alitafuta usoni mwake alama, doa, kitu ambacho angepaswa kukiona mapema, kama bwenini walivyokuwa wakimtazama mpelelezi wa matron baada ya kugunduliwa, wakishangaa kwamba meno yake ni yale yale. Hakuna alichokiona. Alikuwa Mwalimu tu, amechoka na safari.

"Ni kweli ulinifundisha," alisema. "Na nilitamka, hilo pia ni kweli."

Alitoka bila kuichukua kola, akauacha mlango wazi. Oluoch alifunga faili la mbuzi, akamfuata.

Kando ya meza ya mkalimani palikuwa na kiti cha plastiki cha buluu, mguu mmoja mfupi. Ni kiti cha walalamishi. Mercyline alibebwa na mumewe kutoka hospitalini hadi hapo siku ya kwanza, akashindwa kukikalia. Nyasembo alikikalia akitikisika, akikataa kuegemea. Katika muda wote aliofanya kazi katika ofisi ile, Hadiya hakuwahi kukaa hapo. Sasa alikaa. Kiti kiliyumba, akakanyaga sakafu kwa nguvu.

"Mzee Oluoch, nina lalamiko. Na anayelalamikiwa hawezi kukaa kitini kusikiliza Ijumaa. Hiyo nayo ni kanuni yake."

Oluoch alizunguka meza yake, akaketi, akajisafisha koo kwa heshima ambayo safari hii ilikuwapo.

"Dhidi ya nani?"

"Mkurugenzi Wakhungu, kwa kumpa mtu habari za shahidi, mpaka mama asiyehusika akachomwa. Na Wakili Hadiya Nasir, kwa kutaja jina la shahidi akinywa chai."

Kalamu ya Oluoch ilisita.

"Na huyo wa pili pia, Madam?"

"Na huyo pia."

Aliandika. Kutoka ofisi ya ndani hakukusikika kitu, wala kiti kusogezwa, wala simu kuinuliwa. Kisha Oluoch aliuliza swali ambalo kila mlalamishi aliyepita hapo huulizwa, na akaliuliza kwa sauti ya kufika mpaka ndani.

"Mlalamishi angependa jina lake lifichwe?"

Kupitia mlango ulio wazi Hadiya aliiona kola yake, nyeupe, juu ya meza ya Mwalimu.

"Hapana," alisema. "Liandike lote."